Vitamini E, vitamini C, glutathioni au mlonge: uweke nini kwenye mbegu za dume?

Kijana mmoja aliyesomea mifugo chuoni Mabuki alinipigia simu jioni moja kutoka Sengerema. Ana mabeberu watatu. Anavuna mbegu, anazitunza kwenye jokofu, kisha anawahimilishia majirani mbuzi wao.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Ila mbegu zangu zinachoka upesi. Leo zinakimbia, kesho zinajikokota. Nimeambiwa niweke antioksidanti, kinga dhidi ya oksijeni. Sasa niweke ipi?"

Nilimrudishia maswali: unazitunza kwa saa ngapi, kwa nyuzi ngapi, ekstenda yako (majimaji ya kuzimulia na kutunzia mbegu) ina nini, maji unatoa wapi? Muda wake wa maongezi ukakatika kabla hajamaliza kunijibu. Haya hapa ndiyo maelezo marefu, kwa ajili yake na kwa wengine wanaovuna mbegu wenyewe huku kandokando ya Ziwa Victoria na wamekwama palepale.

Oksijeni inaharibu nini

Utando wa mbegu ya dume umejaa mafuta laini, na ulaini huo ndio unaouwezesha kunyumbuka. Mafuta ya aina hiyo hushambuliwa upesi na chembe haribifu za oksijeni, ambazo wanakemia huziita radikali huru. Mtu wa Mwanza hahitaji maabara kulielewa hili. Apite soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, anuse dagaa waliokaa mno kwenye magunia. Mafuta ya dagaa yale yamechacha kwa kemia ileile, ila dagaa hadaiwi kazi tena na mbegu bado ina safari.

Mbegu moja ni ndogo mno kubeba akiba ya kujikinga. Sehemu kubwa ya kinga yake imo kwenye majimaji ya shahawa, na tunapoongeza ekstenda mara kumi au ishirini tunaizimua na kinga hiyo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1946 Tosic na Walton walionyesha kuwa mbegu za fahali zikiwa ndani ya ekstenda ya kiini cha yai hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ileile tunayosafishia vidonda. Baadaye ikafahamika kuwa mbegu zilizokufa ndizo zenye hatia kubwa zaidi: kimeng'enya chao huvunja asidi amino fulani za kiini na kuacha peroksaidi. Ukivuna shahawa yenye mbegu mfu nyingi, umeweka mzoga na wazima chupa moja.

Usikimbilie kufuta kila chembe ya oksijeni haribifu, hata hivyo. Kiasi kidogo chake mbegu inakihitaji ili ikomae kwa kazi ya mwisho ya kuliingia yai. Ndiyo maana antioksidanti zote nitakazozitaja zina kiwango kinachosaidia, na ukikipita zinaanza kudhuru.

Kabla hatujaendelea: kama wewe ni mhimilishaji wa ng'ombe unayetumia mirija ya mbegu zilizogandishwa, ile inayotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, uamuzi huu haukuhusu. Kilichomo kwenye mrija kimeshapangwa na waliougandisha. Kazi yako ni kuulinda ndani ya naitrojeni yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kuuyeyusha kwenye maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto, na kuhimilisha bila kuchelewa. Usifungue mrija kuongeza chochote.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima zote nne kwa mambo manne. Kwanza, inafanya kazi wapi, kwenye mafuta ya utando au kwenye maji yanayoizunguka mbegu? Pili, kuipata ikiwa safi na kuitunza isiharibike katika mji ambao umeme huweza kukatika mchana wa joto. Tatu, kosa linalofanywa mara nyingi, kwa sababu dawa nzuri yenye kosa rahisi ni mbaya kuliko dawa ya wastani isiyokosewa. Nne, inamfaa nani. Bei kamili nimeiacha makusudi, kwa kuwa inapanda na kushuka kwa namna ambayo makala haiwezi kuifuata.

Vitamini E

*Inafanya kazi wapi.* Ndani ya utando wenyewe. Inayeyuka kwenye mafuta, inajipachika katikati yake na kukata mnyororo wa uchachukaji pale radikali moja inapotaka kuambukiza jirani. Kwa mbegu zitakazogandishwa, au zitakazokaa siku kadhaa kwenye baridi, mahali hapo ndipo penye vita.

*Kuipata na kuitunza.* Maduka ya dawa ya Mwanza yana vidonge laini vya vitamini E, na hapo ndipo mtego ulipo. Vingi vina tokoferili asetati, yaani vitamini E iliyofungwa ili isiharibike dukani. Kifungo hicho hufunguliwa tumboni wakati wa kumeng'enya chakula, na ekstenda haina tumbo. Unachokihitaji ni alfa-tokoferoli yenyewe, isiyofungwa, kutoka kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Ikifika, itunze gizani na kwenye baridi, chupa ikiwa imefungwa vizuri.

*Kosa la kawaida.* Kuimimina kwenye maji. Itaelea kama mafuta ya samaki juu ya mchuzi, na mbegu hazitaipata. Huyeyushwa kwanza kwenye ethanoli (alkoholi) kidogo sana, kisha matone yake yakaingizwa kwenye ekstenda yenye kiini cha yai huku unakoroga. Lakini ethanoli nayo inadhuru mbegu. Ukilinganisha chupa yenye vitamini E na isiyo nayo, ile isiyo nayo lazima ipewe ethanoli ya kiasi kilekile, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Nimesoma ripoti za wanafunzi zilizosahau hili, na hitimisho zao zote zikawa hewa.

*Inamfaa nani.* Kituo au chuo kinachogandisha mbegu, chenye mtu wa maabara mwenye mkono mtulivu.

Vitamini C

*Inafanya kazi wapi.* Kwenye maji yanayoizunguka mbegu. Hunasa chembe haribifu kabla hazijafika kwenye utando, na pia huirudishia vitamini E uwezo wake baada ya kutumika. Kwa hiyo wanaozitumia zote mbili pamoja hawajakosea hesabu.

*Kuipata na kuitunza.* Unga safi wake hupatikana kirahisi kuliko nyingine zote za maabara. Shida yake ni uhai mfupi: ikishayeyushwa huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Tengeneza utakayotumia siku hiyo, inayobaki mwaga.

*Kosa la kawaida.* Yako mawili, na la kwanza nililifanya mimi. Nikiwa bado mgeni wa kazi hii nilisaga kidonge cha kutafuna, kile cha rangi ya chungwa wanachopenda watoto, nikakitia kwenye ekstenda ya kondoo. Baada ya dakika kumi nikaangalia kwenye hadubini: kimya, kama kijiji baada ya msiba. Kidonge kile kilikuwa na sukari, rangi, ladha na asidi juu ya asidi. Hata vitamini C safi ni asidi, na itaiteremsha pH (kipimo cha uchachu) ya ekstenda yako kutoka 6.8 au 7 mpaka pabaya usipoirekebisha. Chumvi yake, sodiamu askobeti, haina ukali huo, na mimi siku hizi situmii nyingine.

Kosa la pili ni maji. Vitamini C ikikutana na chembechembe za chuma au shaba hugeuka: badala ya kuzima moto inauchochea, kwa sababu huzirudisha metali hizo katika hali inayozalisha radikali. Maji ya bomba, ya kisima au ya Ziwa hata yakichemshwa hayafai. Tumia maji yaliyotoneshwa, na usikorogee kwa kijiko cha chuma.

*Inamfaa nani.* Anayetunza mbegu kwenye ubaridi kwa siku moja hadi mbili, mwenye kipima pH na maji safi. Asiye na kipima pH aiache.

Glutathioni

*Inafanya kazi wapi.* Ni muunganiko wa asidi amino tatu, na mbegu yenyewe inayo kiasili. Huzima peroksaidi kwa kusaidiwa na kimeng'enya chenye madini ya seleniamu. Mbegu za fahali na za nguruwe hupoteza sehemu ya glutathioni yake zinapogandishwa na kuyeyushwa, na ndiyo maana watafiti wengi huiongeza, wakati mwingine kabla ya kugandisha, wakati mwingine kwenye maji ya kuyeyushia.

*Kuipata na kuitunza.* Jina hili wengi wamelisikia kwenye maduka ya vipodozi, kwa wanaotafuta ngozi nyeupe. Usinunue huko. Zile zimechanganywa na vitu ambavyo huwezi kuvijua, na nyingine hazisemi kama ni glutathioni hai au iliyokwisha kutumika. Unayoitaka ni ile ambayo haijaoksidishwa, ya daraja la maabara, inayokaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na isiyopenda unyevu. Gharama yake ni kubwa kuliko ya vitamini, ila kiasi kinachotumika ni kidogo mno.

*Kosa la kawaida.* Nayo ni asidi ikiyeyushwa, kwa hiyo pima pH. Na watu huitengeneza Jumatatu wakaitumia Ijumaa, wakati imeshaisha nguvu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mbegu za thamani kubwa asizotaka kuzichezea, na anayegandisha. Kwa asiyeweza kuimudu kuna sisteini, moja kati ya asidi amino zake tatu. Baadhi ya ekstenda za kununua za nguruwe tayari zina sisteini ndani, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuongeza juu ya kilichomo.

Mlonge na mimea mingine

*Inafanya kazi wapi.* Majani ya mlonge, chai ya kijani na mimea mingine kadhaa yana polifenoli zinazonasa radikali kwenye maji. Tafiti zimefanywa nchi nyingi na matokeo mazuri yapo, sitaki kumkatisha mtu tamaa.

*Kuipata na kuitunza.* Hapa mlonge unazishinda zote. Uko kwenye nyua za watu Nyakato, Igoma na Kisesa, bure.

*Kosa la kawaida.* Kudhani kuwa bure ni rahisi. Mti wa nyuma ya nyumba yako na wa jirani yako havifanani, majani ya masika na ya kiangazi havifanani, kwa hiyo dozi ya juzi si dozi ya leo. Majani yana saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni, na saponini ikizidi hutoboa utando uleule unaotaka kuulinda. Rangi ya kijani huchafua picha ya hadubini. Bakteria nao hufuatana na jani. Usipochuja kwa kichujio cha matundu ya mikromita 0.22 umewapandia chakula kwenye ekstenda. Nimewahi kuona chupa iliyotengenezwa kwa maji ya majani yaliyochujwa kwa kitambaa cha kanga. Kilichokuwa kinakimbia chini ya hadubini hakikuwa mbegu.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi au mtafiti mwenye maabara, muda na ruhusa ya kukosea. Kwa mfugaji anayesubiriwa na mbuzi wa jirani, mlonge aupeleke jikoni au kwenye hori.

Njia ya hori

Nimetaja hori kwa sababu antioksidanti inaweza kupitia mdomoni mwa dume. Majani mabichi yana vitamini E nyingi, na nyasi zilizokauka huipoteza. Huku kwetu kuanzia Juni mpaka mvua za vuli malisho ni makavu, na dume anayeishi kwa mabua miezi hiyo hana akiba. Lakini huwezi kumlisha leo ukavuna faida kesho. Kutengeneza mbegu huchukua takriban siku 61 kwa fahali, 48 hivi kwa kondoo na beberu, 39 kwa nguruwe, na juu ya hapo kuna wiki moja hadi mbili za kukomaa kwenye mrija wa pumbu. Anayetaka mbegu nzuri za Oktoba aanze kumhudumia dume Julai. Seleniamu ipitie kwenye madini ya kulamba yaliyopimwa kiwandani na si vinginevyo, maana baina ya kiasi kinachofaa na kinachoua pana hatua fupi.

Kipimo, na mizani

Katika tafiti, glutathioni mara nyingi hujaribiwa kati ya milimola (kipimo cha wingi wa kemikali) 0.5 na 5 kwa lita. Pa kuanzia pazuri kwa yoyote kati ya tatu za maabara ni kujaribu 0.5, 1 na 2, ukaona dume wako anasemaje. Kwa mililita 100 za ekstenda, milimola 1 kwa lita ni miligramu 17.6 za vitamini C, miligramu 19.8 ukitumia sodiamu askobeti, miligramu 30.7 za glutathioni, na miligramu 43 za alfa-tokoferoli. Mizani ya dukani haioni uzito huo. Hata ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma mpaka gramu 0.01, itakudanganya ukipimia miligramu 30. Pima glutathioni gramu 0.31, yeyusha kwenye mililita 10 za ekstenda, rekebisha pH, kisha chukua mililita 1 ya hiyo utie kwenye mililita 99. Umepata milimola 1 bila mizani ya bei mbaya.

Na jaribu kwa kugawa shahawa ya dume mmoja, mvuno mmoja, chupa mbili: moja na antioksidanti, nyingine bila. Zipoze pamoja taratibu, ziangalie zikiwa zimepashwa hadi nyuzi 37, saa 0, 24 na 48. Ukitumia leo beberu huyu na kesho yule, unalinganisha mabeberu. Kumbuka pia kuwa mbegu inayokimbia haijawa mimba. Hesabu ya kweli ni majike wangapi hawakurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, mzunguko uliofuata.

Kwa hali yako

Kama unafuga nguruwe na unatumia mbegu siku hiyohiyo au kesho yake, sioni haja ya kuongeza kitu. Tafuta kwanza namna ya kupata nyuzi 15 hadi 18, kazi ngumu kwa sababu jokofu la nyumbani ni baridi mno kwa mbegu za nguruwe na meza ya chumba cha Mwanza ni joto mno. Kikasha chenye chupa za maji baridi na kipimajoto, kikiangaliwa kila baada ya saa chache, kitakuletea faida kuliko kemikali yoyote iliyotajwa hapa. Ukilenga siku tano au zaidi, nunua ekstenda ya muda mrefu iliyokwisha pangwa.

Kama unapeleka mbegu za kondoo zilizopozwa Nansio, kisiwani Ukerewe, na meli inakula saa kadhaa kabla hujaanza kutafuta pikipiki upande wa pili, sodiamu askobeti iliyotengenezwa asubuhi hiyo inafaa kujaribiwa. Chupa uifunge kwa karatasi ya fedha au kitambaa cheusi. Mwanga wa jua juu ya maji ni mkali, na mwanga wenyewe huzalisha peroksaidi ndani ya ekstenda, hasa ya maziwa.

Kama uko chuoni au kituoni na mnagandisha, shindano ni baina ya glutathioni na vitamini E. Anayeweza kutunza baridi bila kukatika aanze na glutathioni. Mwenye uzoefu wa kuyeyusha vitu vya mafuta aanze na vitamini E. Mkiweza, zilinganisheni kwa fahali mmoja mmoja, kwa sababu mafahali hawafanani. Kuna anayegandishika vizuri bila msaada na kuna asiyesaidika.

Kama huna hadubini, usiweke chochote. Hutajua umesaidia au umeua.

Na kama unafuga mbuzi kama yule kijana wa Sengerema, angalia kwanza kiini cha yai. Shahawa ya beberu ina kimeng'enya kinachovunja mafuta ya kiini na kutoa sumu inayoua mbegu, na hakuna antioksidanti inayoitibu hiyo. Ama uioshe shahawa kwa kuizungusha kwenye mashine na kumwaga majimaji yake, ama upunguze kiini mpaka karibu asilimia 2. Siku mbili baadaye alinipigia tena akanisomea ekstenda yake: kiini asilimia 20, kama ya ng'ombe, shahawa haijaoshwa. Alipunguza. Vitamini bado hajanunua, ananiambia atanunua mbegu zikianza tena kujikokota.